Picha inadhani wewe ni nani?

Katika picha moja ya mchoraji Moroni, fundi wa nguo hajakata kitambaa bado. Amesimama nyuma ya meza, mkasi mkononi, kitambaa cheusi kimetandikwa mbele yake na mistari ya chaki imeshapigwa. Ameinua uso, kichwa kimeinama kidogo, anakutazama. Picha hii iko National Gallery, London. Giovanni Battista Moroni, mchoraji wa upande wa Bergamo, kaskazini mwa Italia, aliichora kwenye miaka ya 1565 hadi 1570 hivi. Kila aliyewahi kukaa nyuma ya cherehani anayajua macho yale. Mteja akiingia, kabla salamu hazijaisha, fundi ameshampima: bega lipi limeshuka, kiuno kiko wapi, mkono una urefu gani. Futi inakuja baadaye kuthibitisha tu.

Mimi nilijifunza kushona Ngamiani, Tanga, kwenye cherehani ya kukanyaga ya shangazi yangu. Sasa nafanya kazi ya kurekebisha nguo mashariki mwa London: kupunguza suruali, kubadilisha zipu, kubana magauni ya harusi. Nilipojiandikisha darasa la jioni la kusoma picha za kale za Ulaya, wenzangu wengi walikuja na hadithi za Wagiriki na za Biblia tangu utotoni. Mimi nilikuja na nguo. Naijua hariri ikimwagika inavyokunjika, na sufu nzito inavyokataa kukunjika. Naijua nguo iliyoshonewa mwenyewe na nguo ya kuazima.

Mwalimu wetu alitusimamisha mbele ya fundi huyu akauliza: anamtazama nani? Nikasema, mteja. Akauliza tena: mteja gani? Hapo ndipo kitambaa kilipojibu. Nyeusi iliyokolea ilikuwa rangi ya gharama kuitia, na ndiyo waliyoivaa mabwana wenye uwezo wa Italia na Uhispania wakati ule. Fundi mwenyewe amevaa koti la kubana la rangi ya maziwa na suruali pana nyekundu. Ile nyeusi si yake. Kwa hiyo mtu aliyeingia dukani ni mwanamume, ana fedha, na amekuja kushonewa suti ya heshima. Na mtu huyo, kwa mujibu wa picha, ni mimi. Mwanamke wa Tanga mwenye mtandio nimesimamishwa kwenye viatu vya bwana wa Bergamo.

Tangu siku ile, nikifika mbele ya picha yoyote, hilo ndilo swali langu la kwanza. Picha inadhani mimi ni nani? Imemtengea nani mahali hapa ninaposimama? Ukishalipata jibu, mambo ya mwanamume na mwanamke ndani ya picha yanaanza kufunguka yenyewe, maana mchoraji hupanga kila kitu, mkono, mgongo, pindo la gauni, kwa ajili ya yule aliyemdhania kuwa atatazama.

Katika jumba hilohilo la fundi kuna picha ya Jan van Eyck ya mwaka 1434, mume na mke wamesimama chumbani, inayojulikana kwa jina la Arnolfini. Ni ndogo, urefu wake ni kama sentimita 82. Mbele yake husikia swali moja kila mara, kwa lugha zote: mke ana mimba? Hana. Angalia nguo. Gauni la kijani ni la sufu nzito, limefungwa mkanda juu, chini ya matiti, na urefu wake umemzidi kiasi kwamba limelala sakafuni. Ili atembee lazima alikusanye kitambaa na kulishika mbele ya tumbo. Huo ndio ulikuwa mtindo. Hata watakatifu mabikira katika picha za enzi hiyo wana umbo hilohilo. Swali linalofaa ni kwa nini mtu ashone gauni lisilotembeleka. Jibu ni kwamba mwanamke wa gauni lile hachoti maji wala hafagii, na kila anayeingia lazima alione hilo. Mita zote zile za ziada ni fedha za mume zimewekwa mwilini mwa mke. Mume kasimama karibu na dirisha, upande wa barabara na biashara. Mke yuko upande wa kitanda. Hapa mwalimu alitutahadharisha, na nafikiri ni tahadhari ya haki: nyumba za wenye mali siku hizo ziliweka kitanda hata chumba cha kupokelea wageni, kwa hiyo usikimbilie kusema kitanda maana yake ni unyumba. Lakini mpangilio wa nani yuko wapi unabaki palepale.

Ukutani katikati yao kuna kioo cha mviringo. Ndani yake unawaona mgongoni, na mlangoni unaona watu wawili wanaingia. Watu hao wamesimama pale uliposimama wewe. Van Eyck amekuonyesha waziwazi ni nani aliyetengewa mahali hapo uliposimama, na juu ya kioo ameandika kwa Kilatini kwamba alikuwapo.

Msidhani kusoma jinsia ni kuwasoma wanawake peke yao. Huko Louvre, Paris, kuna picha ya Mfalme Louis wa 14 iliyochorwa na Hyacinthe Rigaud mwaka 1701, urefu wake karibu mita 2.8. Mfalme ana umri wa miaka 63. Amevaa viatu vyenye visigino virefu vyekundu, soksi nyeupe za hariri zilizobana mguu mpaka juu ya goti, lesi shingoni na mikononi, wigi la mawimbi, na joho la buluu lenye manyoya meupe ndani, ambalo amelikunjua upande mmoja makusudi ili miguu ionekane. Alikuwa mcheza ngoma za jumba la kifalme ujanani na miguu yake ilikuwa fahari yake. Leo mteja wa kiume akija dukani na visigino, lesi na soksi za hariri, kuna watu watamgeukia. Mwaka 1701 hayo ndiyo mavazi ya uanaume wa juu kabisa Ufaransa, na visigino vyekundu vilikuwa alama ya watu wa jumba la mfalme. Naipenda picha hii kwa sababu inamnyima mtu nafasi ya kusema kwamba mwanamume ni mwanamume tu na nguo zake zinajulikana tangu Adamu. Zinajulikana kwa muda, mahali fulani, kwa watu fulani, halafu zinabadilika.

Na mbele ya Louis mimi ni nani? Ni raia wake. Picha imemweka juu kidogo, ananitazama kwa chini.

Mpwa wangu, binti wa kaka, anasoma chuo Dodoma. Nilikuwa namtumia picha hizi kwenye simu pamoja na maelezo, mpaka akaniuliza: "Shangazi, na zile za watu uchi unazitazamaje?" Ni swali la haki na sitaki kulikwepa, kwa sababu huwezi kupita vyumba viwili vya jumba la sanaa la Ulaya bila kukutana nazo.

Mimi nimelelewa katika sitara. Lakini sitara niliyofundishwa ina pande mbili, na upande mmoja watu wanausahau. Sura ya An-Nur, kabla haijasema na wanawake katika aya ya 31, inaanza na wanaume katika aya ya 30: wainamishe macho yao. Haya imewekwa kwenye jicho la mtazamaji kabla ya kuwekwa kwenye nguo ya mtazamwa. Fundisho hilo limenisaidia kusoma picha za uchi kuliko maelezo mengi ya ukutani, kwa kuwa linanifanya niulize: ndani ya picha hii, ni macho ya nani yaliyoinamishwa, na ni macho ya nani yaliyoachiwa huru?

Chukua Venus, mungu wa kike wa mapenzi katika hadithi za Warumi, aliyechorwa na Mhispania Diego Velázquez, wa National Gallery vilevile. Iliandikwa kwenye orodha ya mali huko Madrid mwaka 1651, kwa hiyo ilichorwa kabla ya hapo. Mwanamke amelala ametupa mgongo, juu ya shuka ya hariri ya kijivu iliyokolea inayofuata mkunjo wa mwili wake kama iliyokatwa kwa kipimo. Mtoto mwenye mabawa, Cupid, amemshikia kioo. Kwenye kioo uso wake umefifia. Nilipojaribu kufuata mstari wa macho yake, nikaona kwamba kwa jinsi kioo kilivyoinamishwa, sisi tukimwona yeye, basi naye anatuona sisi. Hajitazami. Lakini uso umefanywa ukungu, na mgongo ndio umechorwa kwa uangalifu wote. Macho yake yamefutwa nusu ili yetu yatembee bila kizuizi. Uzuri wa ile rangi siukatai. Ngozi ile imechorwa na mkono usio na mfano. Ninachosema ni kwamba picha imemtengea mahali mtazamaji asiyetakiwa kuinamisha chochote.

Tarehe 10 Machi 1914, Mary Richardson, mmoja wa wanawake waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura Uingereza, aliingia na shoka dogo la kukatia nyama akaikata picha hii mara kadhaa mgongoni. Kiongozi wao, Emmeline Pankhurst, alikuwa amekamatwa siku moja kabla. Richardson alisema amejaribu kuharibu picha ya mwanamke mzuri kuliko wote wa hadithi kwa sababu serikali inamwangamiza mwanamke mwenye tabia nzuri kuliko wote wa zama zao. Alihukumiwa kifungo cha miezi sita. Miaka mingi baadaye, mwaka 1952, aliongeza sababu nyingine: hakupenda jinsi wanaume walivyokuwa wakisimama pale kutwa wakiikodolea. Mimi sikubaliani na kukata kitu kilichotengenezwa kwa mikono. Kitambaa kikishakatwa kimekatwa. Ila sababu yake ya pili naielewa kabisa, na ajabu ni kwamba alikuwa anazungumzia watazamaji, watu waliosimama sakafuni, si mwanamke aliyelala ukutani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limenikaa moyoni kuliko yote, la nani aliyeruhusiwa kuingia chumba cha kuchorea.

Royal Academy ya London, chama cha wasanii chenye shule yake ya kuchora, ilianzishwa mwaka 1768, na kati ya waanzilishi wake walikuwamo wanawake wawili, Angelica Kauffman na Mary Moser. Miaka michache baadaye, 1771 hadi 1772, Johan Zoffany alichora picha ya wanachama wamekusanyika. Ni chumba cha kujifunzia kuchora mwili: wanaume wamejaa, wengine wamekaa, wengine wamesimama, wanapanga mkao wa mwanamume aliye uchi. Kauffman na Moser wako wapi? Wako ukutani, kulia, kama picha mbili za sura zilizotundikwa. Wanawake hawakuruhusiwa kuwapo penye mwili wa uchi wa kuchorwa, kwa hiyo Zoffany akawaingiza kama mapambo. Wanachama halali, waanzilishi, wamegeuzwa fremu.

Watu huona jambo hili kama kichekesho cha kale. Halikuwa kichekesho, lilikuwa mlango wa riziki. Picha zilizoheshimiwa zaidi na kulipwa vizuri zilikuwa picha kubwa za historia, dini na hadithi za kale, na hizo zinadai ujue msuli unavyokaa chini ya ngozi. Asiyeruhusiwa kuusoma mwili atachora maua na nyuso. Halafu baada ya vizazi kadhaa mtu atasimama na kuuliza mbona wanawake walichora maua tu. Shangazi yangu alinifundisha kuchukua vipimo kwa kumgusa mtu, mkono begani, futi kifuani. Fundi akikatazwa kupima atashona mito na mapazia maisha yake yote, na wala si kwa kukosa kipaji.

Kauffman aliijibu Academy kwa brashi. Kati ya 1778 na 1780 aliwachorea picha nne za mviringo za darini, ambazo leo ziko kwenye ukumbi wa kuingilia Burlington House, Piccadilly. Unaingia bure, unainua shingo tu. Katika mojawapo mwanamke ameketi anachora sanamu ya kale ya kiwiliwili cha mwanamume, kisicho na kichwa wala mikono. Jiwe lilikuwa halali kwake, mtu hai hakuwa. Kila ninapopita mtaa ule huingia kuiangalia.

Kisha tembea mpaka National Portrait Gallery, iliyopakana na National Gallery, ukamtafute Laura Knight. Mwaka 1913 alijichora mwenyewe akiwa kazini. Alipokuwa mwanafunzi Nottingham hakuruhusiwa darasa la mwili hai. Wasichana walichora sanamu za plasta. Basi akajichora kwa mgongo, kofia nyeusi, sweta jekundu kali lenye vifundo vya sufu unavyoweza karibu kuvihesabu, na mbele yake amesimama rafiki yake Ella Naper akiwa uchi, naye kwa mgongo, na pembeni turubai ambayo juu yake mwili uleule umechorwa kwa mara ya pili. Ni mwanamke anayemtazama mwanamke ili afanye kazi. Mikono ya Ella iko nyuma ya kichwa, uzito wa mwili umewekwa mguu mmoja kama mtu aliyechoka kusimama. Hakuna kioo, hakuna mtoto wa mabawa, hakuna hariri. Na mtazamaji amepewa nafasi gani? Umewekwa nyuma ya mchoraji, mahali pa mwanafunzi anayechungulia mwalimu wake anavyofanya. Ndiyo picha ya uchi ya kwanza ambayo niliisimamia muda mrefu bila kuhisi kwamba nimeingia chumba kisicho changu.

Royal Academy iliikataa picha ile. Mhakiki mmoja wa gazeti aliiita ya kihuni. Mwaka 1936 Knight aliingizwa kuwa mwanachama kamili, wa kwanza wa kike tangu Kauffman na Moser. Na msidhani hesabu ziliishia hapo: mwaka 1989 kundi la wasanii wa kike la New York, Guerrilla Girls, lilitoa bango likisema kwamba katika sehemu za sanaa ya kisasa za Metropolitan Museum wasanii wanawake hawakufika asilimia 5, ilhali asilimia 85 ya picha za uchi zilikuwa za wanawake.

Artemisia Gentileschi ningeweza kumwandikia makala nzima. Alizaliwa Roma mwaka 1593, akafundishwa na baba yake nyumbani. Mwaka 1610, akiwa na miaka 17, alitia saini picha ya Susana na wazee, ambayo leo iko Pommersfelden, Ujerumani. Sijaiona kwa macho, naijua kwa nakala. Kisa ni cha mwanamke anayeoga bustanini, wazee wawili wenye madaraka wanamvizia na kumtishia kwamba asipowakubalia watamsingizia zinaa. Kabla yake Tintoretto alikuwa amekichora Venice: Susana wake amekaa katikati ya mikufu na chanuo na chupa za mafuta, anajiangalia kwenye kioo ametulia, na wazee wanachungulia kwenye ua la majani. Unaalikwa kuchungulia pamoja nao, na kile kioo kinakusaidia kusema kwamba yeye mwenyewe anajipenda.

Artemisia ameondoa bustani. Amemkalisha Susana kwenye benchi la jiwe tupu, hana kito hata kimoja, mwili umejipinda, kichwa kimegeuzwa upande, mikono yote miwili inasukuma. Wazee wako juu yake kabisa, wananong'onezana, mmoja kidole mdomoni. Ile mikunjo kwenye kiuno chake ni ya mtu aliyejikunja kwa ghafla. Nimeiona kwa wateja wangu ninapowagusa na sindano bila kuwatahadharisha. Picha haikupi raha ya kuchungulia. Uko karibu mno, na unachokiona ni karaha.

Wengi wakifika kwa Artemisia huanza na kesi. Mwaka 1611 mchoraji Agostino Tassi alimbaka, na mwaka 1612 kukawa na mashtaka Roma, ambako yeye, mlalamikaji, ndiye aliyefungwa kamba vidoleni na kukazwa ili ithibitishwe kwamba anasema kweli. Ni historia ya kweli na inaumiza, hasa ukikumbuka kwamba vidole ndivyo chombo chake cha kazi. Lakini Susana ina tarehe ya kabla ya hayo. Msichana wa miaka 17 alikwishajua macho ya wazee kabla Tassi hajafanya lolote, kama wanavyojua wasichana wa kila mji. Na baada ya kesi aliishi, akachora Florence, na mwaka 1616 akawa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika chuo cha wachoraji cha mji huo. Naudhika anapopunguzwa kuwa mtu aliyefanyiwa jambo, wakati turubai zimejaa mambo aliyoyafanya yeye.

Paris nilikwenda kwa basi la usiku, na nilikwenda kwa ajili ya mtu mmoja, Laure.

Picha inaitwa Olympia, iko Musée d'Orsay. Édouard Manet aliichora mwaka 1863 na kuionyesha 1865, ikazusha hasira kubwa kiasi kwamba iliondolewa ilipokuwa ikapandishwa juu mlangoni. Mwanamke mweupe amelala uchi, utepe mweusi shingoni, kiatu kimoja kimevuka, mkono umekaza juu ya paja, anakutazama usoni bila kupepesa. Manet ameuchukua mkao wa Venus wa Titian wa mwaka 1538, ambaye yuko Florence, akaubadilisha kuwa mwanamke wa Paris anayeishi kwa kuuza mwili. Kando yake mjakazi mweusi ameleta shada la maua lililofungwa kwenye karatasi. Maua yametumwa na mteja, na mteja ni wewe uliyesimama hapo mlangoni. Watu wa 1865 walikasirishwa na mengi, ila nafikiri hilo liliwauma: wamezoea kutazama bila kutajwa, na sasa mwanamke aliye uchi anawatazama kama anavyotazama mtu aliyekuja na fedha.

Aliyelala ni Victorine Meurent, ambaye naye alikuwa mchoraji. Mwaka 1876 picha aliyojichora ilikubaliwa kwenye maonyesho makuu ya Paris, mwaka ambao za Manet zilikataliwa. Kwa miaka mingi watu walimwandika kama mwili tu wa Manet.

Na mjakazi? Manet aliandika kwenye daftari lake: Laure, mwanamke mweusi mzuri sana, mtaa wa Vintimille namba 11, ghorofa ya tatu. Ufaransa ilifuta utumwa katika makoloni yake mwaka 1848, na mitaa ile ya kaskazini ya Paris ilikuwa na watu weusi huru waliofanya kazi kama wengine. Laure alikuwa mfanyakazi anayelipwa ili akae achorwe. Kwa zaidi ya miaka mia moja maelfu ya kurasa yameandikwa juu ya Olympia, juu ya utepe wake na paka wake mweusi, na Laure akapitwa. Ni utafiti wa Denise Murrell uliomweka katikati, kwanza kwenye maonyesho ya New York mwaka 2018, kisha hapohapo Orsay mwaka 2019.

Mimi niliitazama nguo yake. Ni gauni la rangi ya waridi iliyopauka, pana, limemzidi, la mkato wa Kifaransa kabisa. Kichwani ana kilemba, sikioni hereni nyekundu. Brashi imetembea kwenye gauni lile kwa upana na furaha. Ni kitambaa kizuri kuliko vyote ndani ya picha. Lakini uso wake umewekwa mbele ya giza, ngozi nyeusi juu ya ukuta mweusi, na lazima usogee, usubiri macho yazoee, ndipo umwone anavyomtazama Olympia. Anasubiri jibu kuhusu yale maua. Nilisimama kwa muda nikijiuliza picha imenitengea mahali gani, maana bwana wa maua mimi siye, na Olympia siye. Mtu pekee mle ndani mwenye rangi yangu, aliyevaa, aliye kazini, mwenye kitambaa kichwani, haangaliwi na yeyote na haniangalii. Nililia kidogo, na mlinzi wa ukumbi akanipa kiti.

Nyumbani tunazo ndugu za Laure. Studio za picha za Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, kama ile ya A. C. Gomes, zilipiga picha za wanawake wa pwani wamejifunga kanga, mkono kiunoni au nyuma ya kichwa, na zikauzwa kama postikadi kwa wasafiri wa meli. Mkao umetoka Ulaya, kwa wale Venus. Chini yake pameandikwa kabila, jina halipo. Ukizitazama sasa, angalia kanga imefungwaje. Mara nyingine ni wazi kwamba hakuna mwanamke wa pwani angejifunga vile mwenyewe, amefungwa na mpiga picha.

Safari yangu inayofuata ni The Hague, Uholanzi, kwa Judith Leyster, mchoraji wa kike wa mji wa Haarlem. Baada ya kufa mwaka 1660 alisahauliwa, picha zake zikapewa jina la Frans Hals, mchoraji wa kiume wa mji huohuo, mpaka mwaka 1893 mtaalamu wa sanaa Hofstede de Groot alipoiona saini yake, herufi mbili na nyota. Picha ninayoifuata ni ya 1631, ndogo ya kushika mikononi. Usiku, mwanamke anashona kitambaa cheupe kwenye mwanga wa taa. Mwanamume mwenye kofia ya manyoya ameinama juu yake, mkono mmoja begani kwa dada, mwingine umefunguliwa umejaa sarafu. Wachoraji wengi wa Uholanzi waliochora fedha ikitolewa hivyo walimchora mwanamke anayecheka na kupokea. Huyu hajainua uso. Mikono yote miwili iko kwenye kitambaa.

Nilimtumia mpwa wangu bila maelezo yoyote, nikamwambia asome mwenyewe. Akajibu usiku uleule kwamba ile taa imewashwa kwa ajili ya sindano, na kwamba sisi tumekalishwa upande wa pili wa meza, tuko karibu kiasi cha kutoa ushahidi. Tunabishana mpaka leo juu ya kitakachofuata. Yeye anasema bwana yule atafukuzwa. Mimi nasema ataachwa asimame hapohapo mpaka mshono uishe, halafu ataambiwa bei ya shati.